Ngazi za kiwandani zinazouzwa Mbeya na Iringa: zikague kuanzia miguuni

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa ukaulizia ngazi, muuzaji huanza na urefu. "Kaka, hii mita nane, ile kule mita kumi, na hii nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja." Anaitandaza, anaipiga kofi ubavuni ilie, na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Miguu haijatajwa. Mara nyingi bado imeviringishwa nailoni ya kiwandani. Na ni huko miguuni ndiko ngazi inakoamua kama fundi atashuka kwa vidato au kwa mgongo.

Tathmini hii ni ya ngazi za matengenezo kiwandani: kubadilisha beringi kwenye kichwa cha elevata, ule mtambo wa kupandisha mpunga juu, kukaza flanji (kiungo cha bolti) ya bomba la mvuke kwenye kiwanda cha chai, kufungua kifuniko cha konveya, kubadilisha taa ya ghala la kahawa. Kazi hizi zina mambo matatu yasiyomkuta sana fundi rangi wa nyumba. Sakafu ina vumbi, maji au mafuta. Fundi huvuta na kusukuma kwa nguvu akiwa juu. Na karibu yake kuna kitu kinachozunguka au chenye umeme. Ngazi inayotosha kabisa nyumbani inaweza isifae hata kidogo hapo.

Hesabu moja kwanza, maana bila hiyo yote yanayofuata ni maneno ya dukani

Ngazi ya kuegemeza huwekwa kwa uwiano wa 4 kwa 1: kwa kila mita 4 kutoka sakafuni hadi inapoegemea, miguu ikae mita 1 kutoka ukutani. Mwinuko huo ni karibu nyuzi 76. Chukua fundi wa kilo 80 mwenye kilo 10 za vifaa. Akifika karibu na kilele, miguu ya ngazi inasukumwa nje kwa nguvu inayokaribia robo ya uzito huo, kilo 22 hivi. Alipokuwa katikati ilikuwa kilo 11. Alipokuwa kidato cha kwanza ilikuwa karibu na sifuri. Sasa sogeza miguu hadi mita 2 kutoka ukutani, kimo kikiwa kilekile: msukumo wa kileleni unakuwa kilo 45.

Ndiyo maana ule mtihani unaopendwa na mafundi wengi hauna faida kubwa: kukanyaga kidato cha kwanza, kuruka-ruka mara mbili, kisha kutangaza kwamba "imeshika". Kwenye udongo laini unasaidia, kwa kuwa unazamisha miguu. Juu ya zege haupimi utelezi hata kidogo. Ngazi hutulia njia nzima ya kupanda, halafu huondoka pale fundi anapofikisha mikono kwenye kazi.

Kinachozuia kilo hizo 22 ni raba na sakafu, basi. Raba nzima juu ya zege kavu na safi inaziweza bila jasho. Tia kati yao pumba laini ya mashine za mpunga za Igurusi na Ubaruku, au unga wa msumeno wa Mafinga, au vumbi la saruji, na raba haigusi tena sakafu. Imekaa juu ya chembe zinazobingirika. Kwenye viwanda vya chai vya Rungwe na Mufindi adui ni jani bichi lililokanyagwa, ambalo juu ya sakafu yenye maji halina tofauti na sabuni. Kufagia nusu mita kila upande wa miguu, na kupangusa raba kwa kitambaa, ni kazi ya dakika moja.

Ngazi ya aluminiamu ya kuvuta, vipande viwili

Hii ndiyo inayonunuliwa zaidi, na kwa kazi ya mitambo ndiyo tunayoipa alama za juu, mradi ikaguliwe kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Anza na urefu wenyewe, kwa sababu hapo wanunuzi wengi hupigwa bila kujua. "Mita 8" ya dukani ni vipande viwili vya mita 4 vilivyojumlishwa. Lakini vipande haviwezi kuvutwa mpaka mwisho. Lazima vipishane angalau sentimita 90. Zinabaki mita 7.1. Ukiiegemeza kwa 4 kwa 1, kilele kinafika kimo cha mita 6.9 hivi. Kama fundi anashuka kutoka kwenye ngazi na kuingia kwenye jukwaa, kilele kinatakiwa kipite ukingo wa jukwaa kwa mita 1 ili apate cha kushika. Umebaki na mita 5.9. Kwa hiyo mita 8 za dukani ni mita 5.9 za kiwandani, na mwenye jukwaa la mita 7 aliyenunua "ya mita 8 ili ibaki ziada" amenunua ajali: ataivuta vipande vipishane vidato viwili tu, au ataisimamisha wima kama nguzo ya simu. Ngazi nzuri ina kizuizi cha ndani kinachokataa kuvutwa kupita kiasi. Kama haina, pima sentimita 90 na uchore mstari wa rangi nyekundu kwenye nguzo zote mbili, yaani ile miti miwili ya pembeni.

Kisha igeuze. Ng'oa nailoni, tazama miguu. Unataka kiatu kinachocheza kwenye ekseli yake ili kilale bapa sakafuni kwa mwinuko wowote, chenye raba nene yenye mifereji. Uangalie kilivyofungwa. Bolti na nati ya kujikaza ni jambo jema: raba ikiisha, unaifungua kwa spana mbili na kuweka nyingine. Ribiti, ile pini iliyogongwa isiyofunguka, ina maana kwamba kubadilisha raba kunahitaji drili, na kwa kuwa hakuna atakayeleta drili, raba haitabadilishwa. Muulize muuzaji kama raba za akiba zipo. Akicheka, hesabu ngazi hiyo kuwa kitu cha kutumika na kutupwa.

Raba iliyokwisha ina sura yake. Mifereji imefutika, ukingo wa nje umelika zaidi ya wa ndani kwa sababu ngazi huburutwa upande mmoja, na katikati, pale raba ilipokuwa nene, kichwa cha ribiti kimejitokeza kinang'aa kama kijiko kipya. Kinang'aa kwa sababu ndicho kinachotembea juu ya zege. Raba yenyewe imeshastaafu. Ngazi imesimama juu ya chuma. Ukikuta mng'aro huo, hakuna haja ya kukagua kitu kingine.

Vidato: shika kimoja kwa mikono miwili kama unayekamua nguo, ukizungushe. Kikicheza hata kidogo pale kilipobanwa kwenye nguzo, iache dukani. Mchezo huo haupungui kwa matumizi, unazidi. Nafasi kati ya kidato na kidato kwa ngazi nyingi za kiwango ni sentimita 25 hadi 30, na ziwe sawa zote. Mguu hukariri hatua ya kwanza na kuitarajia ileile gizani. Kidato chenye mgongo bapa na mifereji ni bora kuliko cha mviringo, hasa kwa kazi inayozidi dakika kumi, maana nyayo zikiuma fundi huanza kuhamisha uzito huku na huku.

Kulabu za kufunga kipande cha juu ndizo huharibika kwanza kwenye mazingira ya vumbi. Kila upande una kulabu yenye springi. Pumba au unga ukiingia kwenye springi, kulabu moja hukaa sawa juu ya kidato na nyingine hubaki imening'inia. Ngazi itasimama. Itabeba hata mtu. Lakini kipande cha juu kinabebwa na upande mmoja, nguzo inajipinda, na siku kulabu ile ikichoka kipande chote kinateremka juu ya cha chini na vidole vya fundi vikiwa katikati ya vidato. Dukani, vuta kamba na uachie mara kumi, ukitazama ubavuni kila mara kama kulabu zote mbili zimelala. Kiwandani, zipulizwe kwa hewa ya kompresa na kutiwa mafuta mepesi. Grisi hapana: grisi hukusanya vumbi na kuwa ugali.

Mwisho ilaze chini kwenye sakafu bapa, uinamie ncha ya nguzo na kuitazama kwa jicho moja kama mtu anayechagua ubao wa paini. Iliyopinda haionekani ikiwa imesimama, ikilala inajitangaza. Pembe moja ikiinuka, imepinda. Bonyeza ukingo wa nguzo kwa dole gumba kwa nguvu; ukiona unaachia, bati ni jembamba mno.

Kuhusu lebo. Kiwango cha Ulaya, EN 131, kinataka ngazi ibebe hadi kilo 150, na tangu marekebisho ya 2018 kinagawa ngazi za kazi na ngazi za nyumbani, na kinataka ngazi ya kuegemeza yenye mita 3 au zaidi iwe na kitako kipana, kile chuma cha mlalo kinachopanua miguu. Za viwango vya Marekani huandikwa kwa daraja: III ni kilo 91, II ni kilo 102, I ni kilo 113, IA ni kilo 136, IAA ni kilo 170. Fundi mnene mwenye mkanda wa vifaa, buti na spana kubwa anavuka kilo 102 bila kujitahidi, kwa hiyo kiwandani usishuke chini ya IA. Lakini lebo ni karatasi, na karatasi hubandikwa. Ukiona imeandikwa EN 131 kwenye ngazi ndefu na kitako ni chembamba sawa na kilele, amini macho yako.

Kwenye kazi yenyewe ngazi hii hudai kufungwa juu. Kamba ya nailoni ya milimita 10 au 12, kila nguzo ifungwe kivyake kwenye chuma cha jengo, si kwenye kidato wala kwenye bomba la nyaya. Katani iliyolowa na kukauka mara nyingi huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Safari ya kwanza ya kwenda kufunga na ya mwisho ya kwenda kufungua ndizo za hatari, na hapo ndipo msaidizi anaposhika miguu. Msaidizi si mbadala wa kamba. Kushika kwa mikono hakuzuii msukumo wa kilo 45, na baada ya dakika tano macho yake yapo kwenye simu.

Vifaa vipandishwe kwa ndoo na kamba, mikono ibaki mitupu. Sehemu tatu za mwili ziguse ngazi wakati wote wa kupanda na kushuka: miguu miwili na mkono, au mikono miwili na mguu. Vidato vitatu vya juu si vya kukanyaga. Kifungo cha mkanda wa suruali kisitoke nje ya nguzo. Kikitoka, shuka uisogeze. Na mkanda wa usalama usifungwe kwenye ngazi, kwa sababu ngazi ikienda itamchukua na mwenyewe.

Kama ngazi imeegemea mtambo au karibu nao, swichi kuu izimwe na kutiwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa aliye juu. Elevata ikiwashwa na mtu wa zamu asiyejua, mtikisiko peke yake unatosha kuichezesha miguu.

Asubuhi za Mufindi na Tukuyu zina jambo lake. Aluminiamu iliyolala nje huamka na umande, na kati ya Juni na Julai baridi ni kali. Fundi huja na buti lenye udongo mwekundu, anapanda vidato vilivyolowa, na kidato cha tatu tayari kina tope. Pangusa vidato, kwangua buti kwenye ukingo wa zege, ndipo upande.

Ngazi ya A

Hii inapendwa kwa sababu haihitaji ukuta, na kwa kubadilisha taa au kusoma geji haina ubaya. Kwa kufungua nati haifai.

Ngazi ya A ni pana mbele na nyuma, lakini ubavuni ni nyembamba. Chukua yenye upana wa sentimita 50 chini, fundi yuleyule wa kilo 90 pamoja na vifaa, mikono yake ikiwa mita 3 kutoka sakafuni. Kuvuta kuelekea ubavuni kwa nguvu inayozidi kidogo kilo 7 kunatosha kuiinua miguu ya upande mmoja. Nati ya milimita 19 iliyoshikwa na kutu humdai fundi kilo 20 hadi 30 kwenye spana ya sentimita 30. Na nati ikishaachia inaachia ghafla, nguvu yote inabaki mwilini bila pa kwenda. Kwa hiyo hata kuipulizia mafuta ya kulainisha kutu na kusubiri robo saa ni hatua ya usalama, mbali na kuokoa kona za nati.

Ukilazimika, ielekeze ngazi ili vidato vitazamane na kazi, mvuto uende mbele na nyuma mahali ilipo pana. Mikono ya kati ya kutanua ifunguke mpaka ijifunge. Usikae kwenye kile kibao cha juu, ni cha kuwekea kopo. Na usiiegemeze ukutani ikiwa imefungwa: miguu yake imekatwa kwa pembe ya kusimama ikiwa wazi, ikiegemezwa inagusa sakafu kwa ukingo tu.

Zipo za A zenye jukwaa dogo na kizuizi cha kiunoni. Ni nzito na zinakula nafasi kwenye pikapu, ila kwa kazi ya dakika ishirini kwenye kimo cha mita 2 hakuna inayoikaribia. Ukiweza kununua ngazi moja tu ya A, nunua hiyo.

Ya kuchomelea ya bomba la mraba

Kila mtaa una fundi wa kuchomelea, na kila kiwanda kina ngazi aliyoitengeneza. Kwa kawaida ni bomba la mraba la milimita 40 kwa 40 na vidato vya nondo ya milimita 12. Haiibiwi kirahisi, haipindi, na ni ya bei ambayo mhasibu haulizi. Lakini ya mita 5 inafika kilo 24 hivi, na watu huogopa kuisogeza. Fundi aliyekwisha panda huona bora anyooshe mkono nusu mita zaidi kuliko kushuka na kuihamisha, na huko kunyoosha mkono ndiko kunakoangusha.

Kasoro zake ni tatu. Nondo ya 12 ni nyembamba mno kwa unyayo. Tumia bomba la mviringo la milimita 25 au zaidi. Bomba likiachwa wazi juu na kuzibwa chini hunywa mvua na kuliwa na kutu kwa ndani, rangi ya nje ikiwa bado inapendeza. Ziba juu, toboa tundu la milimita 6 chini. Ya tatu ni miguu: chuma kitupu juu ya zege. Wengi huivalisha makatambuga, yaani kipande cha tairi kilichofungwa kwa bolti. Si wazo baya, ila chagua tairi lisilo na nyaya za chuma, au zile nyaya zitatokeza na kuteleza kama barafu. Kichwa cha bolti kizame ndani ya raba. Na kwa kuwa raba hiyo haichezi, ikatwe na kufungwa kwa pembe ya 4 kwa 1, si sambamba na ncha ya bomba.

Chomelea pande zote za kila kidato, si nukta mbili za mbele. Nyundo ndogo husaidia: gonga kila kiungo, chenye ufa hulia kama sufuria iliyopasuka. Ngazi hii haina lebo wala mtengenezaji wa kumwuliza, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtwisha mwajiri wajibu. Alama: inakubalika kwa sehemu moja maalumu, ikiwa imefungwa hapo kwa bolti. Kwa kuzunguka nayo kiwanda kizima, hapana.

Ya milingoti

Nyanda za juu zina miti, na kati ya Mafinga na Njombe ngazi ya milingoti inagongwa kwa saa moja. Kwenye ujenzi ina siku zake chache za kuishi. Kiwandani haitakiwi. Mti mbichi hukauka na kusinyaa, msumari haufuati. Kidato kinabaki kinaning'inia kwenye misumari miwili na ncha ya ubao inapasuka. Ikibidi, kata kishimo kwenye nguzo ili kidato kikalie mti, msumari ushikilie tu. Na isipakwe rangi. Rangi huficha ufa. Wanaodai mti haupitishi umeme waongeze neno "mkavu", na Rungwe mti mkavu ni wa kutafuta.

Ya faibaglasi

Haipatikani kila duka. Mara nyingi huagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi au lori. Bei yake ni ya juu kuliko aluminiamu ya urefu uleule na uzito pia. Kwa fundi umeme hakuna mjadala: paneli, taa, mota, nyaya, chochote chenye volti, ni hii peke yake. Aluminiamu na chuma visikaribie. Nje ya jengo, laini za kilovolti 11 na 33 zikaliwe mbali angalau mita 3, na hapo pimeni kuanzia kilele cha ngazi mnapoibeba. Ibebwe imelala, watu wawili.

Ila faibaglasi ina magonjwa ambayo muuzaji hayasemi. Nguzo ndizo zinazozuia umeme. Vidato kwa kawaida ni aluminiamu. Nguzo ikilowa, au ikijaa vumbi la makaa na grisi, kinga yake inapungua. Ioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida, ikauke. Jua huila: uso unachujuka, unapoteza mng'aro, kisha nyuzi zinatokeza na kuwasha viganja kama upupu. Mapema, vanishi angavu inaokoa. Nyuzi zikishasimama kama manyoya, muda umepita. Gonga nguzo kwa sarafu hatua kwa hatua; sauti ikibadilika kutoka kali kuwa butu, tabaka zimeachana ndani. Ufa wa faibaglasi hautibiwi kwa bolti wala gundi. Itundikwe kivulini, imelala, juu ya kulabu tatu.

Ile ya kujikunja kama antena ya redio, inayoingia kwenye buti la gari ndogo, ni tamu kuitazama. Kila kidato kina pini zake za kufunga, kwa hiyo ya vidato 12 ina sehemu nyingi za kujaa vumbi kuliko ngazi nyingine zote za hapa zikijumlishwa. Mkaguzi wa bima aende nayo. Kiwandani isiingie.

Kabla ya kununua, kitabu cha kazi

Tazama daftari la matengenezo. Kama kuna sehemu inayopandwa kila wiki, kichwa cha elevata au mdomo wa silo (ghala la nafaka la mnara), tatizo halihitaji ngazi ya kuhamisha. Tengeneza ya kudumu: vidato vya chuma cha mviringo cha milimita 20, upana usiopungua sentimita 41, nafasi ya sentimita 18 kati ya kidato na ukuta ili buti liingie, nafasi kati ya vidato sentimita 30. Kuhusu kile kizimba cha duara nyuma ya mpandaji, kinatuliza moyo kuliko kinavyomshika mtu. Nchini Marekani, tangu Novemba 2018, ngazi mpya ya kudumu inayozidi futi 24, mita 7.3, inatakiwa iwe na reli au kamba ya kumdaka anayeanguka. Kizimba pekee hakihesabiwi tena kuwa kinga, na zile za zamani zimepewa hadi Novemba 2036. Anayejenga silo leo Mbarali hana sababu ya kuchomelea kizimba ambacho wengine wanakiacha.

Na kama kazi inazidi nusu saa, au mzigo unaopandishwa unazidi kilo 10, simamisha jukwaa la mabomba. Mota haipandishwi begani. Ni cheni bloku, yaani winchi ya mnyororo, boriti iliyopimwa, na watu chini wakae mbali.

Kwa mashine ya mpunga ya kawaida yenye mafundi wawili, manunuzi yetu yangekuwa haya: aluminiamu ya kuvuta moja, daraja IA au EN 131 ya kazi, yenye miguu ya bolti; kisha ya A moja yenye jukwaa, kimo cha kusimama mita 1.5 hadi 2. Na faibaglasi moja fupi ya mita 2.5 iliyoandikwa UMEME, isiyoazimwa. Pamoja nazo seti mbili za raba za akiba na mita 20 za kamba ya nailoni. Pesa zikipungua, punguza urefu, usipunguze daraja.

Ngazi ikikataliwa kwenye ukaguzi, ikatwe vipande viwili kwa msumeno siku hiyohiyo, katikati ya nguzo zote mbili. Kuiandika "MBOVU" kwa rangi na kuiegemeza nyuma ya stoo hakutoshi. Parachichi zikikomaa uani, mlinzi ataikuta pale.